Chupa Iliyofungwa kwa Pazia la Mama

Yeyote anayeosha chupa anajua kwamba chupa hukaushwa mdomo chini. Ukiiacha mdomo juu, maji yanabaki ndani, yanavunda, na jasho lako limekwenda bure. Kwa hiyo Dada Chupa alipotoka nje uani Jumanne asubuhi na kukuta chupa zake zote za glasi zimesimama mdomo juu, zimepangwa mistari kama wanafunzi, mtu wa kwanza kumshuku alikuwa binti yake.

"Kasuku! Nani kakutuma uguse chupa zangu?"

Kasuku alikuwa na miaka mitano, na kwa jina hilo hakuonewa. Aliongea tangu anafumbua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya sentensi. Hata jana yake alikuwa amelala hivyo hivyo: "Mama, kesho naomba..." kisha kimya, anakoroma. Tangu baba yake afariki, domo hilo ndilo lililoifanya nyumba isiwe kaburi. Lakini asubuhi ile alisimama mlangoni akatikisa kichwa bila kusema kitu.

"Leo umemeza ulimi?" mama yake akamtania.

Mtoto akafungua kinywa. Hakikutoka hata kikohozi. Akakifunga tena, akamtazama mama yake kwa macho ya mtu anayeomba msaada.

Kazi ya Dada Chupa ilikuwa hiyo ya kuziokoa chupa. Watu walimletea walizotaka kutupa, za mafuta, za asali, za dawa ya kifua, naye alizilowesha kwenye beseni la maji moto na majivu, akabandua karatasi, akasugua ndani kwa brashi, kisha akazijaza sabuni ya maji aliyoipika mwenyewe. Hakutupa kitu. Uzi aliukunja, kizibo alikiweka koponi, kitambaa alikifua. Na kabla ya kuosha chupa yoyote, aliisogeza puani akavuta pumzi, maana iliyowahi kutiwa mafuta ya taa haifai tena kwa lolote. Ndugu zake walimcheka kwa hilo. "Dada anazisalimia chupa," mdogo wake alizoea kusema.

Huyo mdogo wake ndiye aliyeleta gunia la chupa Jumamosi. Alikuja na kichanga chake mgongoni, kile ambacho kwa miezi mitatu kilikuwa hakijalia hata kwa njaa, na hospitali zote zilikuwa zimeshindwa kusema kina nini. Jumamosi hiyo kilikuwa kinalia mpaka kuta zinaitika.

"Amepona, dada! Msikie!" Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Dada Chupa alimkumbatia na kulia naye, kwa sababu ugonjwa ule ulikuwa umemnyima usingizi yeye pia.

Juu kabisa kwenye gunia kulikuwa na chupa ya kijani, shingo fupi, mdomo umezibwa kwa nta na kufungwa kitambaa kilichofukizwa moshi hadi kikawa cheusi.

"Na hii?"

"Ya kwa mama, ilikuwa kabatini. Anza na hiyo," mdogo wake akasema, na hakungoja hata maji ya kunywa.

Dada Chupa aliikata nta, akanusa. Chupa ilinukia mshumaa uliozimwa sasa hivi. Akaiosha, akaiweka dirishani na ua moja ndani. Kitambaa nacho alikifua, na weusi ulipotoka yakajitokeza maua ya buluu. Lilikuwa pazia la chumba cha mama, lile walilokuwa wakijificha nyuma yake, yeye na mdogo wake, walipokuwa wadogo. Moyo ulimlainika. Akamfungia Kasuku nywele kwa kitambaa hicho.

Jumatano saa saba mchana, jua la utosi, mtaa mzima umejifungia ndani kwa joto, alisikia mluzi. Ulikuwa ule mluzi wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa, mzito, wa chini. Akadhani ni upepo. Akatazama kamba ya nguo, na nguo hazikutikisika.

Mluzi ukahama kutoka chupa ya kwanza kwenda ya pili, na ya tatu, ukipanda kidogo kidogo, na harufu ya mshumaa uliozimwa ikajaa uani mpaka akaihisi kwenye ulimi, na alipotaka kuingia ndani akamchukue mwanawe aliyemwacha amelala mkekani, zile chupa zilizokuwa zimesimama mdomo juu ingawa yeye mwenyewe alikuwa amezigeuza mara mbili tangu asubuhi zikaanza kuongea, zote kwa pamoja, kwa sauti ya Kasuku, zikiuliza maswali yale yale ya Kasuku, mama mbona kuku hana meno, mama baba anakula nini huko aliko, mama unanisikia, na Kasuku mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake, ameshika gauni lake, amefumba midomo.

Alimbeba mwanawe akatoka mbio bila viatu.

Fundi vioo wa mtaa wa nyuma alikuwa anakata kioo cha dirisha. Kila mtu alijua kazi yake ya pili, ya uganga, ingawa haikuandikwa kwenye kibao. Alimtazama mtoto, akakitazama kitambaa kichwani, akaweka kisu chini polepole.

"Hicho umekitoa wapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

Dada Chupa akamweleza.

"Pepo huyu anakula sauti," fundi akasema. "Na hafukuzwi, anapokezanwa. Anatoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu wa damu. Lazima anayempokea afungue kwa mkono wake na avute pumzi. Sasa niambie, kwenu nani anajua kwamba wewe hunusa chupa?"

Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi.

Walirudi pamoja. Fundi alikifungua kitambaa kichwani kwa Kasuku, akakichoma, akayeyusha nta. Akamshikisha Dada Chupa ile chupa ya kijani. "Ulimvuta kwa pumzi, mtoe kwa pumzi. Usibakize."

Alipuliza mpaka kifua kikamuuma na uani kukawa giza machoni pake. Chupa ikawa nzito mikononi, ikaanza kupata joto. Fundi akapiga kizibo na nta.

"Kitambaa sasa. Ukate pazia lako mwenyewe, kwa ridhaa yako."

"Lile la mwanzo mdogo wangu atakuwa ameliiba," Dada Chupa akasema haraka huku akilikata. "Mama hajui kitu."

Fundi alikipokea kitambaa, akafunga fundo. "Kitambaa cha wizi hakimfungi," alisema. "Sasa amefungwa. Ukimpelekea nduguyo akafungua, ni wake. Usipompelekea, ni wako, na usije ukaivunja chupa."

Kasuku akakohoa. Kisha, kana kwamba Jumanne na Jumatano hazikuwahi kuwepo, akamalizia sentensi yake: "...twende kwa bibi."

Dada Chupa alilia kwa furaha, akamshika uso, akamwambia aseme tena, aseme chochote. Mtoto akasema vyote. Fundi alipoondoka, Dada Chupa akapiga simu kwa mama yake.

"Mama, Kasuku alikuwa mgonjwa. Amepona."

Mama yake akauliza kwa sauti ya chini, "Umemrudisha kwenye chupa?"

Alikuwa hajataja chupa.

"Mama, pazia ulilikata mwenyewe?"

"Yule mwenzio hana moyo wa kubeba, mwanangu. Wewe ni mkubwa. Siku zote ulikuwa unaweza." Alikuwa analia, na alilia kweli. "Lakini usije nayo huku. Nakuomba. Kaa nayo."

Dada Chupa alikata simu. Aliitazama chupa ya kijani dirishani, akapima kichwani safari ya kwa mdogo wake, dakika arobaini tu kwa miguu. Akakumbuka kichanga kile kilivyolia Jumamosi, kwa nguvu, kwa afya. Akaichukua chupa, akaipandisha juu ya kabati, nyuma kabisa, akaigeuza mdomo chini.

"Bibi amesema twende lini?" Kasuku akauliza.

"Hatuendi."

"Mbona?"

Juu ya kabati, ndani ya glasi, kitu kikacheka taratibu, kwa sauti ya bibi.