Migunga Iliyochunwa Pande Zote

"Antipasi, migunga sita imekufa."

Selina alisema hivyo akiwa bado mlangoni mwa karakana, vumbi la Mtinko, iliko miti yetu, limempanda hadi magotini. Mchumba wake, ambaye ndiye hutuchunia magome, alikuwa anakwangua ngozi. Hakuinua kichwa.

"Ni ukame huo."

"Ukame gani unachagua miti yetu tu? Nimeshika kidonda kwa mkono wangu. Umechuna gome ukazunguka shina lote."

Mimi nilikuwa pembeni napaka uzi nta, kazi ambayo mjukuu wangu Selina alinipa ili nisijione mzigo. Mikono ikasimama. Kwetu Ilongero gome la mgunga huchunwa upande mmoja tu, upana wa viganja viwili, kisha mti unaachwa upone. Ukiuzungusha, umeuua. Ngozi hulala kwenye maji ya magome hayo siku arobaini, na kwa uvumilivu huo matajiri wa nje wameipenda mikoba yetu. Ndani ya kila mkoba kuna kadi aliyoiandika Selina kwa mkono: "Mti uliotoa gome hili bado unaishi." Chini yake, jina lake.

"Mume wetu," nilimwita Antipasi kwa utani tuliouzoea, "mjibu mke mwenzangu basi."

Aliendelea kukwangua.

"Mikoba thelathini imo kwenye maboksi," Selina alisema. "Kesho inakwenda Arusha. Nimeandika uongo mara thelathini!"

"Nani atatoka Ulaya aje Mtinko kuhesabu miti?"

"Mimi nafika Mtinko kila wiki."

"Na baba yako mdogo alisemaje? Oda isipokamilika kabla ya mavuno, hakuna pesa, harusi mpaka mwakani. Miti ya kuchuna vizuri iko mbali, siku zinakwisha. Ningefanyaje? Nilikuwa nakutafuta wewe, Selina!"

"Ukanitafuta kwa kuliua jina langu."

Antipasi alitupa kisu, akaondoka. Lakini hata katika hasira ile alisimama kwanza, akasogeza kigoda changu kivulini. Nilimwona.

Selina alipiga simu Arusha, kwa Joyce, mama anayenunua mikoba yetu na kuipeleka nje.

"Shikamoo, dada Joyce. Usitume gari."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Migunga sita imechunwa vibaya, imekufa. Kadi zangu si za kweli."

"Nani kafanya hivyo?"

Selina alinitazama.

"Jina kwenye kadi ni langu, dada. Nilaumu mimi."

"Wenye duka hawataipokea. Na mwaka huu hawataagiza tena. Unaelewa? Si wewe peke yako, ni wanawake wote tisa hapo."

"Naelewa."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo maana nimepiga."

Kesho yake wanawake wenzake wa kazi walimzunguka karakanani.

"Eti miti!" Esta alifoka. "Umeua miti mwenyewe, halafu unakimbilia kujishtaki! Wanangu watakula kadi zako?"

Selina aliinama. Tulipobaki wawili nikamwambia:

"Mtaje, mjukuu wangu."

"Wakimjua, Bibi, hataweza kupita njia hii tena. Nitaolewa na mtu aliyefukuzwa?"

"Na yeye amekuacha uubebe mzigo wake?"

"Ameniacha," alisema, akaanguka mapajani mwangu akilia kama siku alipomzika mama yake.

Simu ikalia, ujumbe wa Antipasi umeingia. Alinisomea mwenyewe: "Selina nisamehe. Nimeshindwa kusema mbele yao. Niko kwa kaka, Kinampanda. Usinisubiri."

Aliandika jibu, akafuta. Akaandika, akafuta tena. Mwisho alituma maneno machache: "Jumapili ndoa yetu inatangazwa kanisani mara ya tatu."

Hakujibiwa. Siku nne mjukuu wangu hakugusa ugali. Siku ya tano Esta, yuleyule aliyemtukana, alileta uji wa uwele kwenye kibuyu, akauweka mlangoni, akaondoka bila kupiga hodi. Selina aliunywa wote.

Jumapili katekista Elisha alisimama na daftari lake.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Antipasi Philipo na Selina Deo, wote wa kigango hiki. Anayejua kizuizi cha ndoa hii, atoe taarifa."

"Mimi ninakijua."

Kanisa zima liligeuka. Antipasi alikuwa amesimama benchi la mwisho, macho mekundu.

"Kizuizi ni mimi. Migunga ile niliichuna mimi, Selina hakujua. Mmemtukana bure, na mimi nikakimbia."

Esta alijiziba mdomo. Mzee mmoja akaguna, "Mwanaume mzima!"

"Mambo haya yanapelekwa ofisini, mwanangu," katekista alisema kwa upole.

"Hakutukaniwa ofisini, katekista."

Selina akainuka. Nilidhani anatoka nje. Kwetu wanawake hukaa kushoto, wanaume kulia. Yeye alivuka njia ya katikati, akaenda kusimama mbele ya Antipasi.

"Dada Joyce umemwambia?"

"Jana. Amesema tupande miti kwanza, mengine baadaye. Hajaahidi kitu."

"Na mimi siahidi."

"Najua."

"Nina hasira, Antipasi. Nitakuwa nayo muda mrefu."

"Nitakaa nayo."

Selina alimtazama. Kisha akageukia mbele.

"Katekista, futa tangazo hilo. Siku nikiwa tayari, utaanza upya kusoma la kwanza."

Elisha alibaki na kalamu hewani.

"Na jina la bwana harusi, niandike nani?"

Selina alimsukuma Antipasi kidogo kwa bega ili asogee, akaketi pale pale, kwenye benchi la wanaume.

"Liache hilohilo," alisema.