Kisanduku cha Fidla ya Babu Hector

Jikoni kwa Bibi Sadie, siku iliisha kwa namna ile ile kila mara. Tukishaosha vyombo, Bibi alianza safari yake ya ukutani. Alichomoa waya wa birika, wa taa ya mezani, wa redio, na hata wa mashine ya kubanika mkate ambayo haikuguswa tangu asubuhi. Nyumba ya wazazi wake iliteketea kwa sababu ya waya mbovu alipokuwa mtoto, na tangu hapo hakuna kitu kilicholala na umeme nyumbani kwake isipokuwa friji. Hata hiyo friji aliitazama kwa jicho la shaka.

Mimi na dada yangu Mairi tuliishi naye kule Mabou, katika kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, kwa sababu mama alifanya kazi mbali na kurudi mwisho wa juma. Ole wako ukisahau kuchomoa chaja ya simu. Bibi angekuamsha, angekusimamisha hapo ukutani ukiwa na soksi tu, na angengoja mpaka uichomoe kwa mkono wako. Siku hizi nina nyumba yangu, nami huchomoa nyaya kabla ya kulala. Mume wangu hunicheka, lakini namwacha acheke.

Babu Hector alikuwa amefariki kabla ya mambo haya. Enzi zake alipiga fidla, na jiko letu halikukosa watu. Kwetu hakuna aliyebisha hodi wala kualikwa. Mtu aliingia, akakung'uta theluji viatuni, akawekewa chai nzito, na punde fidla ikashushwa kutoka ukutani. Usiku mmoja wa namna hiyo, jirani mmoja alileta kinasa sauti akarekodi kanda nzima. Ndani yake mlikuwa na fidla ya Babu, kisigino chake kikigonga sakafu, watu wakicheka, na katikati ya wimbo sauti ya Bibi akiwa bado na nguvu zake, akimkaripia mtu afunge mlango asiwaingizie baridi.

Hiyo ndiyo ilikuwa rekodi ya pekee. Babu hakupenda kurekodiwa. Alisema muziki ni wa waliopo. Kwa hiyo Bibi aliisikiliza kanda ile kila jioni kama wengine wanavyosali. Kisha macho yake yakaanza kufifia, akawa anabonyeza vitufe visivyo, na kinasa sauti chenyewe kikazeeka kikaanza kutafuna kanda.

Mjomba Ranald, kaka yake mama, ndiye aliyetoa shauri. Alikuwa amestaafu kazi ya ufundi wa kompyuta mjini, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kilima chetu. Aliicheza kanda mara ya mwisho na kuihamishia kwenye kompyuta ya Mairi. Ilipofika mwisho tu, ikakatika na kujiviringa ndani ya mashine, ikawa takataka. Bibi aliiokota vipande vipande.

Mjomba akasema tutamjengea kisanduku cha muziki chenye kirungu kimoja cha kuzungusha. Ndani yake kutakuwa na kompyuta ndogo, si kubwa kuliko biskuti, na kadi ya kumbukumbu ya kubebea muziki. Mimi niliuliza kwa nini tusimpe simu tu kama watu wengine. Mairi akaniuliza kama nimewahi kumwona Bibi akipapasa kioo laini kutafuta kitufe.

Kompyuta yoyote huhitaji mfumo wa kuiendesha, na Mjomba alichagua Linux, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuuchungulia ndani na kuujenga upya apendavyo. Ulikuwapo uliokwisha tengenezwa, wa kunakili tu, lakini Mjomba aliukataa. Ulichukua muda kuwaka karibu sawa na birika kuchemka, na ulikuwa na mambo chungu nzima ya skrini, kipanya na mtandao.

"Mtu akiomba kiti, humpi nyumba nzima," alisema. "Tutaanza na kitupu, tuweke anachohitaji Bibi yenu, basi."

Mairi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kichwa chake kilikuwa chepesi mno kwa mambo hayo. Jumamosi, Bibi alipoingiza chungu cha maharage kwenye oveni, Mairi naye aliiamuru kompyuta yake ianze kujenga mfumo. Vyote viwili vilichukua mchana kutwa. Maharage yalitangulia kuiva. Mfumo nao ukaja, ukawaka upesi ajabu, kisha ukatulia kimya, bila hata mlio. Kumbe katika kupunguza na kupunguza, Mairi alikuwa ameondoa kile kipande kinachoongea na spika. Nilimwambia hongera, amebuni kisanduku cha kwanza cha muziki kilicho bubu. Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Hakuchoka lakini. Aliweka, akatoa, akajenga tena, mpaka siku moja alipozungusha kirungu na fidla ikaanza kabla sijavuta pumzi ya pili. Ujenzi ule ulijaza kompyuta yake faili nyingi hata nafasi ikaisha, naye akafuta vitu vya zamani. Miongoni mwa alivyofuta ni ile rekodi ya Babu. Aliona haina haja tena, maadam imekwisha ingia kwenye kadi.

Na akaongeza jambo moja la kwake. Kanda ukiizima katikati, kesho huanza pale ulipoiachia, na Bibi alizoea hivyo. Basi Mairi akakifundisha kisanduku kujiandikia kwenye kadi, kila mara, wimbo umefika wapi. Lilikuwa wazo zuri, ila kadi ya namna ile ikikatiwa umeme huku inaandikwa, inaweza kuvurugika yote. Ndiyo maana Mairi kila alipokizima alikizima kwa adabu, kwa amri kutoka kwenye kompyuta yake, akingoja mpaka kimalize kazi.

Siku ya kukikabidhi, Mjomba alikishika mkononi, akakigeuza, akamtazama dada yangu.

"Umejaribu kukichomoa waya kinapocheza?"

"Ndiyo, Mjomba. Mara nyingi."

Mimi nililala na Mairi chumba kimoja na nilijua hakuwahi. Aliogopa kuiharibu kazi yake nzuri. Nilimtazama, akakwepa macho yangu, na Mjomba akakiweka kisanduku juu ya rafu karibu na jiko la kuni.

Furaha ya jioni ile bado ninayo. Bibi alikizungusha kirungu kwa vidole viwili, Babu akaanza kupiga, na Bibi akakaa kwenye kiti chake na kufunga macho. Majirani walisikia habari wakaja na biskuti zao za oti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi jiko letu likajaa watu. Mzee mmoja alijaribu hata kucheza ngoma, akashikwa na kiuno. Wageni walipoondoka, Bibi alianza safari yake ya ukutani. Birika, taa, redio, na kisha kisanduku, kikiwa bado kinacheza. Mairi alinishika mkono. Kesho yake kikawaka vizuri, na kesho kutwa pia, naye akaanza kupumua.

Jioni ya Alhamisi Bibi alizungusha kirungu, pakawa kimya. Akazungusha tena. Akaniuliza kama masikio nayo yameanza kumpotea.

Mairi alisema kisanduku kinahitaji marekebisho madogo, akakichukua mpaka chumbani. Alichomeka kadi kwenye kompyuta yake na uso wake ukasawijika. Kompyuta ilisema haioni chochote kwenye kadi ile, si mfumo wala muziki.

"Nitaandika mfumo upya juu yake," akaninong'oneza. "Dakika chache tu, kitawaka."

"Na Babu je?"

Akaniambia mpango wake, huku akitazama pembeni. Mtandaoni wako wapiga fidla wengi waliopiga nyimbo zile zile. Angeziweka hizo. Bibi haoni, na ni mzee, pengine asingetambua.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nilimwambia Bibi ameishi na mkono ule wa Babu miaka yote ya ndoa yake, na akisikia mkono wa mtu mwingine atajua, halafu atafikiri ni kichwa chake ndicho kinachopotea. Nikamwambia afanye atakalo, lakini mimi sitakaa jikoni kumtazama Bibi akidanganywa na mjukuu wake. Tulikuwa tukigombana kwa kunong'ona, na huo ndio ugomvi mbaya kuliko yote. Mwishowe alilia. Akaketi kitandani na kadi ile kwenye kiganja muda mrefu. Kisha akavaa koti na viatu vya theluji.

Tulipanda kilima pamoja, upepo wa baharini ukitukata mashavu. Mjomba alifungua mlango, akatazama nyuso zetu, akaweka birika motoni kwanza. Mairi alisema yote bila kupumzika: kwamba hakukichomoa waya hata mara moja, kwamba alisema uongo, kwamba kisanduku kilikuwa kikiandika kwenye kadi, kwamba rekodi nyingine ameifuta.

Mjomba hakufoka. Alivuta kompyuta yake karibu, na ningependa zaidi angefoka.

"Umeandika chochote juu ya kadi hii tangu izime?" aliuliza.

"Bado. Nilitaka kuandika. Kidogo tu niandike."

"Lete."

Kwanza alinakili kadi nzima kama ilivyo, na uharibifu wake wote, ili asiiguse ile yenyewe. Kisha akaanza kuipekua nakala. Alitueleza huku akifanya kazi kwamba kilichoharibika ni orodha ya vilivyomo, ndiyo maana kompyuta ilidai hakuna kitu. Nyimbo zenyewe huenda bado zimo, zimelala mahali pake, hazina wa kuzitaja majina. Chai yetu ilipoa. Mairi aliuma kucha zake zote. Mimi nilijitia kutazama paka.

Ndipo Bibi akatukaripia kutoka kwenye spika za Mjomba. Ilikuwa sauti yake ya ujana, akitaka mtu afunge mlango. Fidla ikafuata, na kisigino cha Babu chini yake. Mairi alijifunika uso. Mjomba Ranald, mtoto wa yule mpiga fidla, akageukia dirishani akajifanya anaangalia kama theluji imekoma.

Kisha alitengeneza nakala tatu, moja akaiweka mfukoni mwa Mairi. Akamwambia kisanduku watakijenga upya pamoja, lakini habari ya kadi ataipeleka mwenyewe kwa Bibi.

Mairi alimweleza asubuhi, wakati Bibi anakoroga uji. Bibi aliendelea kukoroga mpaka mwisho wa maneno. Kisha akaketi.

"Jana nililala nikifikiri nimemzika mara ya pili," alisema. "Nawe ulikuwa ukijua ni kwa nini."

Mairi alimwomba radhi. Bibi alimvuta kichwa akakilaza begani pake, lakini hakumwambia si neno, kwa sababu lilikuwa neno. Alimwambia ale uji.

Mfumo mpya uliiva Jumamosi iliyofuata. Safari hii sehemu yenye mfumo na muziki ilifungwa, ikawa ya kusomwa tu, haiandikwi kitu. Ile hesabu ya wimbo ulipofikia iliandikwa kwenye pembe yake ya peke yake, mbali na muziki; ikivurugika hiyo, kisanduku huanza wimbo mwanzo na hakuna kingine kinachodhurika. Mairi mwenyewe alichomoa waya mchana kutwa, mpaka Bibi akauliza tunacheza mchezo gani. Kisha akamwomba Bibi naye achomoe. Bibi akachomoa kwa ghadhabu zake zote za miaka sabini, akachomeka, akazungusha. Babu akaendelea.

Mjomba Ranald alikuwa akisafisha sahani yake ya maharage kwa kipande cha mkate.

"Kosa lako la kwanza ni kupima chombo kwa mkono wako badala ya mkono wa mwenye nacho," alimwambia Mairi. "Hilo kila fundi hulifanya, na mimi nimelifanya. Lakini sikilizeni nyote wawili. Kadi ile ilipona kwa sababu hamkuandika juu yake. Mngeandika, mimi na mafundi wote wa nchi hii tusingempata Babu yenu tena. Uongo ni kuandika juu ya kitu ambacho bado kingeweza kuokolewa. Ukikosea, usiandike kitu juu. Lete kama kilivyo."

Mairi aliitikia kwa kichwa. Leo ni fundi, ana wanafunzi wake, na nasikia kila anayemletea kazi iliyoharibika huulizwa swali lile la Mjomba kabla ya salamu kwisha. Lakini siku ile alikuwa msichana tu mwenye macho mekundu, na Bibi alimnyoshea mkono kutoka kwenye kiti chake.

"Hotuba imetosha, Ranald," alisema. "Njoo, mjukuu wangu, tucheze. Babu yako hapendi kupigia watu waliokaa."