Pembe ya Watoro

Truphena alipokuwa akipangusa pembe ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani, aliikuta imelowa mate kwenye tundu la kupulizia. Nyumba nzima ya waajiri wake Waarabu, mtaani Al-Rawdah, ilikuwa imelala kwa joto la alasiri. Nani angeipuliza? Baba mwenye nyumba, aliyeinunua safarini Jamaika, hakujua hata inashikwaje.

Mara ikalia. Ilianza chini chini kama mkoromo, ikapanda, na harufu ya msitu uliolowa ikajaa sebuleni.

Alihofu madam asije akaamka akasema mfanyakazi wake anafanya sihiri, kwa hiyo akakisokomeza kitambaa cha vumbi ndani ya pembe, akakandamiza tundu kwa kidole gumba, nayo ikatetemeka mikononi mwake ikilia ndani kwa ndani, ikilia tu, mpaka ikanyamaza.

Jikoni alimkuta Nahashon, dereva wa nyumba, anakunywa chai.

"Naha, ile pembe imelia," alinong'ona.

Nahashon akaweka kikombe chini. "Imelia aje? Bosi aliniambia ni ya watumwa walitoroka wakajificha milimani. Mlinzi akiona maadui wanakuja, anaipuliza ndio watu wahame."

"Sasa hapa nani ametoroka?"

Swali lake mwenyewe likamkata maini. Rispah, mdogo wake wa toka nitoke, alikuwa amemtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini huko Riyadh, akajificha katika chumba kimoja mtaani Al-Shumaisi.

Akapiga simu. Ikapokewa na Zipporah, mwenye kile chumba, analia.

"Polisi wamekuja saa hii tu, Trufe. Hatukuwasikia. Ameruka dirisha la juu, akaanguka… ameenda, Rispah ameenda. Hata dakika tano tu tungejua, angekuwa ameshatoka."

Truphena akapiga ukemi uliomwamsha madam, na kule sebuleni pembe iliyozibwa ikamwitikia.

Jioni ile ile aliitwa shehe. Akasoma, akanyunyiza maji, akaondoka na pembe. "Halas," madam akasema, "mafi jini," yaani basi, jini hayupo tena. Kitambaa alirudishiwa Truphena, na kilikuwa bado kina joto na unyevu, kama kimetolewa kinywani mwa mtu.

Ukuta uko mtupu sasa. Lakini kila alasiri, nyumba ikilala, pembe hulia, safi kabisa, haina kizibo, na yeye peke yake ndiye huisikia. Maskini Truphena huacha vyombo ndani ya sinki, hushika simu isiyopokewa tena na mtu, hunong'ona:

"Rispah, hama. Wanakuja."