Mahudhurio Mikokoni

Haya yalimpata rafiki yangu Sihaba mwaka ule baba yake alipomwachisha shule ili aozwe, na mpaka leo hawezi kuyasimulia bila kukunja ngumi.

Baada ya Idi yeye na jamaa zake walikwenda kupumzika siku mbili kwenye kisiwa kidogo mbele ya Mlingotini. Kaka yake, Msabaha, alikuwa amepewa shuleni kazi ya kuandika majina ya ndege. Baba akamtuma Sihaba aifanye badala yake.

"Mbona asiende mwenyewe, baba?"

"Wewe ndiye mwenye macho, mwanangu."

"Ya kutazamia ndege ninayo, ya kusomea sina."

Baba akacheka. Sihaba akachukua daftari la kaka yake, akaingia mikokoni. Aliandika yangeyange, akaandika kitwitwi, kwa hasira hata penseli ikatoboa karatasi. Ilikuwa adhuhuri, lakini mle ndani kulikuwa giza. Mara ndege wote wakanyamaza. Tope likatoa mapovu, kisha sauti ya mwalimu wake ikaanza kuita mahudhurio, taratibu, kama kila asubuhi darasani, na sauti za wanafunzi wenzake zikawa zinaitika kutoka topeni.

"Chausiku."

"Nipo."

"Mgeni."

"Nipo."

Likafika jina lake. Sisi wa pwani tunafundishwa tangu utotoni tusiitike mikokoni kabla ya kumwona anayeita. Sihaba alilijua hilo, lakini nafasi ile ilikuwa yake, na alikuwa amechoka kunyang'anywa. Akafungua kinywa.

Nyuma ya bega lake, kwa sauti yake mwenyewe, mtu akamwahi: "Nipo."

Mwalimu akaita jina linalofuata.