Samaki wa Kutiwa Wavuni

Asubuhi ya soko la Kituku, kando ya ziwa, haina adabu. Mitumbwi inafika, wauzaji wanasukumana juu ya mawe meusi, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kushika beseni. Katikati ya vurugu hiyo, kijana mmoja mrefu alikuwa anajaribu kupita, kizibao cha kijani cha kazi ya Leta, yaani serikali, kifuani, buti zimelowa mpaka magotini, mkononi ndoo ya samaki waliopasuliwa matumbo.

"Eh, papa! Hizo samaki za bure munazipeleka wapi?" Aliyemzuia ni Joviale, muuzaji wa samaki, kikwembe cha njano kimekazwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana. "Sisi tunalipa Leta taksi kila siku, ninyi munavua munakula!"

"Hatukule, mama. Tunazipima, tunapasua tuone zilikula nini, kisha zinaenda hopitali kwa batoto benye njala."

"Bongo! Unadanganya."

"Panda moto nyuma yangu, uone na macho yako."

Akapanda pikipiki kweli! Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Huko hospitalini alimwona mpishi akipokea ndoo kwa mikono miwili. Akawaona watoto wenye nywele zilizofifia rangi, wamekaa kimya wakisubiri mchuzi. Aibu ikamshika.

"Unaitwa nani, wewe mutu wa hatukule?"

"Landry. Na wewe, mama wa hasira?"

"Joviale. Na si mama, niko binti bado."

"Aksanti Mungu," alisema Landry, na Joviale akageuza uso ili asimwone akitabasamu.

Tangu siku hiyo simu ya Joviale haikupoa. "Bébé, umekula?" "Nitakula namna gani, sijasikia sauti yako?" "Muongo wa Masisi, wewe!" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, upuuzi mtupu, na unité za simu ziliisha kwa upuuzi huo bila majuto. Baba yake Joviale, mzee Mulumeoderhwa, Mkatoliki wa upande wa Bukavu asiyependa maneno mengi, alimpokea kijana, akamtazama, kisha akamwambia binti yake wazi: "Namupenda. Lakini kontra yake ya kazi iko karibu kuisha. Leta ikimuongezea, akuje na wazazi wake. Ikimufukuza, sitaki kusikia jina yake ndani ya nyumba hii."

Basi ndoa yote ikaning'inia kwenye kontra.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wavu mmoja, upande huu matundu madogo, upande ule makubwa, unategwa palepale kila jioni katika ghuba ya upande wa Lac Vert, na asubuhi unavutwa. Mwanzoni ulileta samaki. Halafu ukaanza kuleta maji.

"Leo tena tupu, chérie," Landry alikuwa akisema kwenye simu, sauti imelegea. "Hata moja hakuna."

Kila alipoisikia sauti hiyo, Joviale alishindwa kula. Kwake, na kwa kila mtu aliyekulia Kituku, mwanamume anayerudi na wavu mtupu hana kazi. Hakuna mwenye mtumbwi anayemwajiri tena. Leta nayo ingemvumilia kwa nini? Hakuuliza. Jamani, mwanamke huyo aliyeuliza soko zima habari za ndoo, safari hii hakuuliza! Alikwenda kwa kaka yake Cubaka, mvuvi wa ndoana, akachukua tilapia wake wanene kuliko wote.

"Dada, na kama batajua?"

"Batajua nini? Samaki ni samaki."

Alfajiri Cubaka akapiga kasia hadi ghubani, akawapachika mmoja mmoja kwenye matundu ya wavu.

Asubuhi simu ikalia. "Jovi! Tilapia! Kubwa-kubwa, Jovi!" Landry alipiga kelele kama mtoto, na Joviale akacheza ngoma sokoni, beseni kichwani. Furaha hiyo haikufika hata mchana. Chef Cirimwami, mkubwa wa Landry, alimshika samaki wa kwanza amlaze kwenye kipimo, akaona tundu mdomoni. Akamfungua wa pili kinywa. Vilevile. Wote vilevile.

"Landry, tangu lini wavu inatoboa midomo kama ndoana?"

Ofisini wakasema Landry amenunua samaki ili kudanganya. Vipimo vyake vyote vya mwaka vikafutwa, kontra ikafa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua samaki wale walitoka wapi, walimwagiwa chokaa wakafukiwa. Hospitalini hawakupata kitu.

"Mutu amenichezea, Jovi. Nani ananichukia hivi?" Joviale akalia tu. "Usilie, bébé," alisema Landry. Yeye aliyefukuzwa ndiye aliyembembeleza!

Kesho yake Joviale alivaa nguo zake za misa, akaenda ofisini peke yake.

"Chef, ni mimi nilitia zile samaki. Landry hakujua kitu."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mupenzi wake."

"Na unafanya kazi gani?"

"Nauzisha samaki, Kituku."

Chef akaegemea kiti. "Kumbe! Kumbe ni kwa soko yako njo samaki za Leta zilikuwa zinaenda."

"Apana, chef! Zilikuwa zinaenda hopitali!"

"Toka, mama."

Jioni mtaa mzima ulishajua kwamba Landry aliiba chakula cha watoto wagonjwa.

Walionana bandarini, Landry akiwa na shati jeupe na mfuko mmoja, boti ya Bukavu inapakia.

"Chef ameniambia. Ulifikiri wavu tupu itanifukuzisha?"

"Kila siku ulikuwa unalia tupu, tupu."

"Nililia juu ya bale batoto, Jovi. Wavu tupu haikuwa kosa, ilikuwa jibu! Tulikuwa karibu kusema ile ghuba ifungwe, samaki zizae. Chef alishaniahidi nitaendelea na hiyo kazi."

Joviale akamshika mkono. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na nakupenda, hiyo haijatoka." Akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Lakini papa yako hatanifungulia tena mulango. Na hapa nitatembea na uso gani?"

"Nikuje na wewe?"

"Ukuje wapi? Mimi mwenyewe sijui pa kulala."

Honi ikalia. Landry akainua mfuko wake, akageuka tena.

"Ungeniuliza, Jovi. Ungeniuliza tu."

Akapanda. Boti ikaondoka, watu wakawapungia mikono ndugu zao, na Joviale akasimama katikati yao, mikono imemshinda kuinuka.