Kopo la Unga wa Mboga

Maximilla aliamka mapema, akachokoa majivu, akapuliza moto. Aliinjika sufuria ya uji juu ya mafiga, kisha akatoka kufagia uwanja. Alifagia mpaka mwisho wa kiwanja chake tu, akaishia hapo. Ng'ambo ya hapo palikuwa kwa jirani, na Maximilla hakumjua.

Kijiji kilikuwa kipya. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwenye mstari mrefu kando ya barabara ya Kasanda. Watu walikuwa wamehamishiwa hapo mwaka uliotangulia, siku zile za vijiji vya ujamaa. Wengine walitoka Gwarama, wengine walitoka mabondeni. Wengine walikuwa wamevuka kutoka Burundi kwa miguu, watoto mgongoni na vyungu kichwani.

Huko alikotoka, Maximilla alikuwa na migomba nyuma ya nyumba. Chini ya migomba alimwaga majivu na maganda ya jikoni. Hapo mboga zilijiotea zenyewe: mnavu, mgagani, majani ya maboga. Akipungukiwa, alikwenda kwa jirani kuomba. Mboga za majani hazikuuzwa. Aliyeuza mboga alichekwa mpaka kisimani.

Hapa mambo yalikuwa mengine. Ukikutwa unachuma majani kando ya nyumba ya mtu usiyemjua, atajiuliza maswali. Huyu anachuma, au anafukia kitu? Maximilla aliogopa kuitwa mchawi. Aliogopa pia kulishwa sumu. Kwa hiyo hakuomba, wala hakuna aliyemwomba. Familia ilikula ugali wa muhogo na maharage. Siku ya gulio walipata dagaa.

Siku moja mumewe, Sylvesta, alirudi kutoka Kibondo mjini. Alileta chumvi, sabuni na kopo.

"Hiki ni nini, baba Esteri?" Maximilla aliuliza.

"Mboga."

Maximilla alilitikisa kopo karibu na sikio. "Mboga gani inalia kama mchanga?"

"Ni unga. Wamekausha mboga na matunda, wakasaga. Gharibu wa dukani anasema kijiko kimoja kwenye uji ni sawa na kikapu kizima cha mboga."

Maximilla alifungua kopo, akanusa. Unga ulinuka kama nyasi za paa zilizonyeshewa.

"Kikapu kizima," alisema. "Kimeingiaje humu?"

"Ndiyo kazi ya viwanda. Wewe kila kitu unakishuku, hata jua likitoka unauliza limetoka wapi. Tia kijiko, basi. Hutalima bustani, na hutamwomba mtu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda Maximilla. Hutamwomba mtu. Alichukua kijiko.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi uji ulikuwa wa kijani kibichi kidogo. Maximilla hakulima bustani. Alijiambia, bustani ya nini, na mboga iko kwenye kopo?

Kiangazi kiliingia. Binti yao Esteri, aliyekuwa bado hajaanza shule, akaanza kubadilika. Kwanza ilikuwa choo. Alikwenda chooni akakaa muda mrefu, akarudi analia, anashika tumbo. Choo chake kilikuwa kigumu kama mawe. Kisha ikawa fizi. Alipopiga mswaki, mti wa mswaki ulitoka na damu. Siku moja Maximilla aliona damu kwenye tonge la ugali mkononi mwa mtoto.

Alifikiri mara moja juu ya jirani.

Jirani huyo aliitwa Immakulata, mke wa Nsabimana. Alikuwa mmoja wa wale waliotoka Burundi. Nyumba yake ilikuwa ileile iliyofuata kwenye mstari, lakini kiwanja chake hakikufanana na viwanja vingine. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na kwake kulikuwa kijani. Maximilla aliliona hilo, akalishuku. Mtu anapataje majani wakati hakuna mvua?

"Esteri, njoo hapa," alisema. "Juzi ulikuwa kwenye uzio wa yule mama. Alikupa nini?"

"Pasheni."

"Ulikula?"

Mtoto alitazama chini. "Nilikula. Hata siku nyingine nilikula."

Maximilla alimchapa. Kisha akamkataza kabisa kusogelea uzio ule. Jioni alimweleza mumewe.

"Mtoto amelishwa kitu. Nakuambia."

Sylvesta aliingiwa na wasiwasi, lakini hakutaka ugomvi na majirani. "Labda kijiko ni kidogo," alisema. "Ongeza viwe viwili."

Akaongeza. Esteri sasa alikunywa unga mara mbili ya ule wa zamani, na pasheni hakupata tena. Fizi zilizidi kuvimba. Akawa hataki kutafuna maharage, na alikuwa mtoto wa kugombania maharage.

Kopo lilipoisha, Maximilla alimfunga Esteri mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Walipata nafasi kwenye lori la ushirika, wakaenda Kibondo kununua kopo jingine.

Dukani Gharibu hakuwepo. Sauti ya mwanamke iliita kutoka uani: "Pita huku, mama. Mwenye duka yuko msikitini. Mimi ni mkewe, Mwamvua."

Maximilla alipita. Mwamvua alikuwa amekaa kwenye kibao, ungo mapajani, kisu mkononi. Alikuwa akikata mchicha. Pembeni yake palikuwa na sinia la papai lililomenywa, na watoto wake walikuwa wakilishambulia.

"Nilitaka kopo la unga wa mboga," Maximilla alisema. Akautazama ungo. "Hiyo ni nini?"

"Mchicha. Kwani kwenu hakuna mchicha?"

"Naujua mchicha. Nashangaa tu. Makopo yamejaa rafu nzima huko mbele, na wewe hapa unakata mchicha."

Kisu kilisimama. Mwamvua alimtazama, kisha akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Shoga, makopo ni ya kuuza. Mchicha ni wa kula."

"Kwa hiyo unga ni mbaya?"

"Sikusema ni mbaya. Dereva aliye safarini akitia kwenye uji wake, si haba. Lakini mimi sijalea mtoto kwa kopo." Mwamvua aliweka kisu chini. "Huyu wako ana nini mdomoni? Mdogo wangu, kabla mume wangu hajarudi akakuuzia jingine, mpeleke kliniki. Muulize muuguzi Kuruthumu. Na umpe kipande cha papai hapa hapa."

Maximilla alisitasita. Kisha akaona watoto wa Mwamvua wanakula papai lilelile kutoka sinia lilelile. Akampa Esteri kipande. Kilikuwa laini, na mtoto alikimaliza bila kulalamika.

Kliniki, muuguzi Kuruthumu alimfungua Esteri mdomo, akamtazama fizi, akambonyeza tumbo, akamtazama miguu. Kisha akauliza chakula. Asubuhi nini, mchana nini, jioni nini. Maximilla alijibu kila swali, na kila mara alitaja kopo.

"Matunda je?" Kuruthumu aliuliza. "Mara ya mwisho alikula tunda lini, ukiacha papai la leo?"

Esteri ndiye aliyejibu.

"Nilikula pasheni kwa mama Immakulata. Mama akanichapa."

Kuruthumu hakucheka wala hakugomba. Alivuta kiti.

"Mama Esteri, hizo pasheni ndizo zilizokuwa zikimsaidia. Mwili unahitaji vitamini zilizomo ndani ya matunda na mboga. Ipo moja inayolinda fizi na kuponya vidonda. Hiyo ni dhaifu. Jua kali linaipunguza, moto mrefu unaipunguza, na kukaa miezi kwenye kopo kunaipunguza."

"Lakini bibi zetu walikausha kisamvu na majani ya kunde."

"Walikausha, na walifanya vizuri, maana ilikuwa akiba ya kiangazi. Lakini hawakuacha kuchuma mabichi yalipopatikana. Na kuna jambo jingine. Mboga ina makapi, zile nyuzinyuzi unazotafuna. Ndizo zinazosukuma choo. Umetia vijiko viwili vya unga. Vijiko viwili vina makapi kiasi gani?"

Maximilla alifikiri juu ya kikapu kizima cha majani ya maboga, jinsi kinavyoelemea mkono.

"Na ndani ya kopo kuna nini hasa?" aliuliza.

"Sijui. Wewe hujui. Nadhani hata Gharibu hajui. Mchicha ukiuona unajua ni mchicha."

Maximilla alikunja uso. Ushuku wake ulikuwa bado haujaisha. "Na nyie hapa mnagawa vidonge. Navyo si kopo lilelile?"

"Umeuliza vizuri," Kuruthumu alisema. "Mama mjamzito tunampa vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu mwili wake unadai zaidi ya anachokula. Esteri nitampa vidonge vichache vya vitamini hiyo, vya kuanzia, maana amekwisha kuumia. Hiyo ni dawa yenye sababu na mwisho. Lakini hata mjamzito namwambia, kidonge kinakaa pamoja na mboga. Hakichukui nafasi ya mboga. Ukirudi nyumbani, mboga kila siku, tunda kila siku. Na fizi zisipopona, mlete tena nimtazame."

Maximilla hakununua kopo. Lori liliporudi alikaa juu ya magunia, akiwaza. Dawa ya mtoto ilikuwa ng'ambo ya uzio, kwa mwanamke aliyemfikiria vibaya. Bustani yake mwenyewe ingechukua wiki kadhaa kuota. Fizi za Esteri hazikuwa na wiki kadhaa. Ilibidi aombe.

Kesho yake alisimama na Esteri ukingoni mwa kiwanja cha Immakulata. Hakuingia. Alipiga makofi polepole, kama wanavyosalimia Waha, watu wa kabila lake, akainamisha kichwa kidogo. Immakulata alitoka ndani akifuta mikono.

"Bwakeye," Immakulata alisalimu kwa salamu yao ya asubuhi. Uso wake ulikuwa umefungwa. "Umekuja kunigombeza? Nilisikia mtoto alivyolia siku ile."

"Nimekuja kuomba mboga."

Immakulata alisogea karibu. "Mimi nilidhani unaogopa nisikuroge. Hivyo na mimi nikawa nakuogopa. Mtu anayemchapa mwanawe kwa sababu ya pasheni, nilijiuliza, mimi atanifanya nini?"

"Nilikosea, jirani. Mtoto anaumwa fizi. Muuguzi anasema ni kukosa matunda na mboga."

Immakulata alimtazama Esteri aliyejificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Aliingia bustanini, akachuma pasheni mbivu, akaipasua kwa vidole. Akaiinua kwenye mdomo wake mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya kwao na kwa Waha pia. Mwenye kutoa chakula anaonja kwanza, ili anayeshuku aone kwamba hakina sumu.

Maximilla alimshika mkono.

"Usionje," alisema. "Mpe mtoto."

Immakulata alimpa. Esteri aliinyonya pasheni pale pale, mbegu na maji yake, na maji mengine yakamchuruzika kidevuni.

Wakaingia bustanini pamoja. Hapakuwa na siri yoyote. Immakulata alikuwa akiimwagilia bustani maji ya kuoshea vyombo, yale yasiyo na sabuni nyingi. Alichanganya udongo na majivu na samadi ya mbuzi. Juu yake alitandaza majani makavu ya migomba ili jua lisinyonye unyevu.

"Haya ni lengalenga," alisema.

"Sisi tunaita mchicha."

"Jina lolote. Yaoshe kwanza, ndipo uyakate. Maji ya kupikia yawe kidogo, na yachemke kabla hujatia. Geuza, geuza, epua. Usimwage mchuzi wake. Ukiwa na mawese, tia kidogo."

"Kwetu tulipika mpaka yanyamaze."

"Yakinyamaza sana yamekufa," Immakulata alisema, na wote wawili wakacheka.

Jioni hiyo Sylvesta alikuta mchicha kwenye bakuli. Alimtazama mkewe, akatazama bakuli.

"Mchicha huu umetoka wapi?"

"Kwa Immakulata. Kula kwanza, utaniuliza baadaye."

Alikula, na hakuuliza.

Esteri alimaliza vidonge vyake, na alipewa mboga mchana na jioni, na pasheni au papai kila siku. Choo ndicho kilichotangulia kulainika. Halafu fizi zikaacha kutoa damu, uvimbe ukashuka, na mtoto akarudi kugombania maharage. Mvua ya kwanza ilipoanguka, Maximilla alikuwa na matuta yake mwenyewe nyuma ya nyumba, yenye mchicha na maboga, na mche wa pasheni uliokwisha kushika uzio. Uzio huo aliujenga upya pamoja na Immakulata, na waliacha mlango katikati, upana wa mtu mwenye kikapu.