Fimbo Chini ya Sakafu

"Baba yako aliichimba ile nguzo ya makaa ya mawe iliyoshikilia paa la mgodi, kwa tamaa yake!" alifoka Girdhari, msimamizi wa mgodi.

"Ulimwamuru wewe," rafiki yangu Salge akapaza sauti. "Paa likamwangukia, na ukakataa tumfukue."

Salge mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikuwa amempelekea tu Girdhari kikapu cha makaa nyumbani kwake, hapa kwetu Jharia, mji wa migodi, mchana baada ya wali. Madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia moshi wa tabaka la makaa linaloungua chini ya ardhi, na chumba kilikuwa giza.

"Una mdomo mchafu, binti! Hebu toka..."

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka chini ya sakafu, ndani ya mgodi uliomfukia baba yake. Ilikuwa fimbo ikigonga paa, kama wachimbaji wanavyoupima mwamba kabla ya kufanya kazi chini yake. Mwamba mzima hulia kama kengele, uliolegea hulia kama mtungi mtupu. Chini ya mlango mwamba ulilia kama kengele. Fimbo ikasogea taratibu hadi chini ya kitanda cha Girdhari, na hapo ukalia kama mtungi.

Girdhari, ambaye baruti zilimwachia masikio mazito, aliuhisi mtikisiko kwa nyayo tu. Akashika ukuta.

"Salge, mwanangu, baba yako alikufundisha. Unaliaje?"

Kugonga kukakoma, kana kwamba huko chini nako kuna aliyesubiri jibu.

Salge akachukua kikapu chake. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Mzima kabisa, mzee. Jilalie."